Siku 4 za Msiba, Siku 28 za Kuuza



Ndugu wapendwa, juma hili tunaomba tuanze na basi. Mwaka juzi tuliondoka Mbagala saa kumi alfajiri, katika basi la kukodi, tukimsindikiza muumini wetu mmoja kwenda kumzika baba yake Mbinga, mkoani Ruvuma. (Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, naye ametutaka tusiipunguze makali.) Marehemu alikuwa ameletwa Dar es Salaam kutibiwa, akakaa kwa mwanawe wiki mbili, akafariki. Jeneza lilikuwa chini, kwenye buti. Juu tulikuwa sisi, majirani, wanajumuiya, wafiwa, na watoto wawili wa muumini huyo: msichana wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 8.

Tulipofika Mikumi, pale barabara kuu inapokata katikati ya hifadhi, tembo walikuwa wamesimama karibu kabisa na lami. Yule mvulana akaruka kitini, akapiga kelele, "Baba, tembo!" Shangazi yake akamnyamazisha mara moja, kwa kuwa msibani hapashangiliwi. Mtoto akaketi, akabandika uso wake kwenye kioo mpaka tembo wale walipotoweka. Baadaye baba yake alitunong'oneza kwamba hiyo ilikuwa safari ya kwanza ya familia yao, wote wanne pamoja, kutoka nje ya Dar es Salaam. Safari ya kwanza, na babu yumo kwenye buti.

Kule Mbinga mambo yalikuwa mazito zaidi. Bibi wa watoto wale anakijua Kiswahili vizuri, lakini mtu haombolezi kwa lugha ya kujifunza. Aliomboleza Kimatengo, usiku kucha, akisimulia maisha ya mumewe tangu ujana. Wazee waliokuwapo walitikisa vichwa, wengine wakacheka katikati ya machozi, maana marehemu alikuwa na vituko vyake. Wajukuu kutoka Mbagala hawakuambulia neno. Kesho yake, baada ya maziko, yule mvulana aliitazama miteremko iliyojaa mashimo ya ngoro, kilimo ambacho Wamatengo wamekitumia kwa vizazi vingi kuzuia udongo na maji visishuke bondeni, akatuuliza kama yale yote ni makaburi. Tulimweleza kadiri tulivyoweza, ingawa sisi si wenyeji wa kule. Aliyestahili kumweleza tulikuwa tumekwisha kumfukia.

Siku ya nne tukageuza. Kwa nini siku ya nne? Kwa sababu ofisi ilikuwa imetoa siku nne.

Ni hapa, ndugu zetu, tunapotaka kugombana nanyi kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 za ruhusa anapofiwa na mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, na vilevile mtoto wake akiugua au kufariki. Sheria hiyohiyo inampa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, kwa malipo, sikukuu zikihesabiwa humo. Siku 4 kwa ajili ya wafu, siku 28 kwa ajili ya walio hai! Mtunga sheria, ambaye hatumdhanii kuwa alikuwa akisali rozari alipokuwa akiandika, ameuelewa uzito wa mambo haya kuliko sisi tunaosali. Sisi tumezigeuza. Zile nne tunazitumia zote, na nyingine tunaomba tuongezewe. Zile ishirini na nane tunaziuza.

Wala hatutumii neno hilo kwa kejeli, bali ndilo neno lenyewe linalotumika maofisini: "Mwaka huu nimeuza likizo." Sheria ina tundu lake: mwajiri anaweza, mfanyakazi akiridhia, kumwacha afanye kazi katika kipindi cha likizo na kumlipa mshahara wa mwezi mmoja badala yake, ila asifanye kazi hivyo miaka miwili mfululizo. Tundu liliwekwa kwa ajili ya dharura. Tumelipanua tukalifanya lango. Muumini wetu wa Mbinga, ambaye ni mhasibu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, aliuza mwaka mmoja, mwaka uliofuata akachukua likizo akaitumia kusimamia mafundi wa paa, mwaka wa tatu akauza tena. Hakuvunja sheria hata kidogo. Alivunja kitu kingine.

Na msidhani wa sekta binafsi ndio peke yao. Mtumishi wa umma, kwa taratibu za utumishi wake, hulipiwa nauli ya likizo, yeye na familia yake, kila baada ya miaka miwili. Tunawafahamu walimu na wauguzi katika parokia yetu ambao nauli hiyo huingia katika akaunti asubuhi na jioni imekwisha kuwa mifuko ya saruji. Serikali imelipa familia isafiri kwenda kwa wazee wao Kasulu au Ngara, na familia imesafiri hadi duka la vifaa vya ujenzi, Rangi Tatu.

Basi tuizungumzie nyumba, maana ndiyo mzizi wa fitina. Ukimwuliza baba wa Chamazi, au wa Bunju, au wa Goba, kwa nini hajawapeleka watoto kwao, atakujibu kwa upole: "Padre, nyumba ikiisha tu, tutakwenda." Sisi tumebariki nyumba nyingi katika pembe hizi za mji, na tunakiri kwamba bado hatujabariki hata moja iliyokwisha. Ikipauliwa, yanadaiwa madirisha. Yakiwekwa madirisha, vinadaiwa vigae. Baada ya vigae ni uzio, kwa kuwa jirani amejenga uzio. Baada ya uzio ni kisima, kwa kuwa maji ya bomba yanakatika. Baada ya kisima ni gari, kwa kuwa tumejenga mbali na lami. Kwa hesabu hiyo mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa kuchimba msingi anamaliza kidato cha nne wakati wa kupaka rangi. Wakati huo hataki tena kusafiri na wazazi wake, naye ana haki.

Mtatuambia: "Baba Paroko, wewe unakula bila kulipa kodi ya nyumba, hujui." Ni kweli kwamba hatujui yote. Hata hivyo tunajua saa za waumini wetu, maana tunawaona wakipita. Anayefanya kazi Posta na kuishi Mbande huondoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto amelala. Hurudi saa tatu usiku, mtoto amelala. Sheria tuliyoitaja inaweka saa 45 za kazi kwa juma, lakini hakuna sheria inayohesabu saa za foleni. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo baba na mwana wanaonana katika mwanga wa jua, na hata hiyo baba anaianza kwa kutafuta remoti. Kwa mtu wa namna hiyo likizo si anasa. Ndiyo nafasi pekee iliyobaki ya kufahamiana na watu anaowalisha.

Tena jambo linalotuudhi kuliko yote ni kwamba muda tunao. Fikirini vikao vya harusi. Watu wazima, wenye kazi za kuwachosha, hukutana kila juma kwa miezi mitatu, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka usiku, kwa ajili ya sherehe ya saa sita. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya vinywaji na kamati ya mapambo. Kuna kikao cha kuvunja kamati, ambacho nacho ni sherehe. Hatuwalaumu kwa kupenda arusi. Bwana wetu mwenyewe alialikwa Kana akaenda. Lakini mwanaume anayeweza kuhudhuria vikao kumi na viwili vya kumwoza mtoto wa jirani asituambie kwamba hana siku kumi za kumpeleka mwanawe kumwona bibi yake.

Kisha kuna simu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 sote tulishangilia, na tulikuwa na sababu nzuri ya kushangilia. Kabla yake, aliyetaka kumsaidia mama yake kijijini aliikabidhi bahasha kwa dereva wa basi akabaki akiomba Mungu, au aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Njia ya kwanza ilipoteza bahasha nyingi, ila ya pili ilikuwa na faida ambayo hatukuitambua hadi ilipotutoka: fedha ilisafiri pamoja na miguu. Siku hizi fedha inafika na miguu inabaki Temeke. Tunatuma "ya mboga", tunatuma "ya mbolea", tunatuma "ya dawa", na tukisikia sauti ya mama ikisema ahsante mwanangu tunajiona tumetimiza amri ya nne. Mama anahitaji ile fedha, hilo halina ubishi. Lakini mwulizeni mama yeyote wa kijijini angechagua nini kama angelazimishwa kuchagua.

Wapo pia wanaosema kwamba wao husafirisha watoto. Ndiyo: humkabidhi mtoto wa miaka tisa kwa kondakta pale stendi ya Mbezi Luis, pamoja na begi, soda, na namba ya simu ya mjomba atakayempokea. Mtoto anafika salama, mara nyingi. Anakaa mwezi, anajifunza kukamua maziwa na kuwaogopa bata mzinga, na anarudi na habari nyingi ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeziona pamoja naye. Hiyo ni bora kuliko kutokwenda kabisa. Tunawapongeza wanaofanya hata hivyo. Ila mtoto hufahamu upesi kama amepelekwa au amesindikizwa. Na kuna wale ambao hata mwezi mmoja wa kuwa na mtoto nyumbani wanauona mrefu. Mwaka 2023 Serikali ililazimika kutoa waraka kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Tuliyoyasikia kwa wazazi juma lile, nje ya kanisa, hatutayaandika hapa. Mmoja alituuliza, akiwa na hasira ya kweli: "Sasa nitakaa naye saa ngapi?"

Tukifika hapa haki inatudai tujikosoe na sisi, kwa kuwa Kanisa nalo ni mwajiri mkali asiyelipa saa za ziada. Jumamosi asubuhi ni jumuiya. Jumamosi jioni ni kwaya. Dominika baada ya Misa ni kikao cha halmashauri walei, kisha harambee. Na hata tunapowasafirisha waumini, tunawasafirisha vipande vipande. Mama huenda hija Bagamoyo na WAWATA, akiwa na kitenge cha sare. Baba huenda Pugu na UWAKA, mwezi mwingine. Kaka anakwenda na VIWAWA, na wadogo wanapelekwa na walezi wa Utoto Mtakatifu. Familia moja imetoka mara nne katika mwaka, imelipa nauli mara nne, na haijawahi kuketi kiti kimoja cha basi. Tulilipigia hesabu jambo hili mwaka jana tukaona aibu. Mtu akitusuta kwamba tunahubiri familia huku tukiigawa kwa sare, tutanyamaza.

Tunajua pia kwamba tumekuwa tukizungumza na wenye mikataba. Dereva wa bodaboda wa Tandika hana siku 28; mama anayeuza chakula kwenye eneo la ujenzi akifunga siku moja anakosa ya siku mbili; fundi cherehani wa Tegeta mwezi wa kumi na mbili ndio mavuno yake. Kwao hatuna maneno makali, na yeyote anayewarushia maneno makali hajawahi kuhesabu sarafu usiku. Tunalosema kwao ni dogo. Wanacheza upatu wa vyombo, wa vitenge, wa ada za shule. Inawezekana kucheza wa nauli. Kikundi kimoja cha akina mama katika kigango chetu kimefanya hivyo: kila juma kiasi kidogo, na kila mwaka familia tatu zinasafiri kwa zamu. Wamekwisha kwenda Lushoto, Kilwa na Ifakara. Hatukuwashauri sisi. Walianza wenyewe baada ya mmoja wao kuchoka, kama alivyosema, "kuvaa kanga nyeusi kila ninapopanda basi".

Na kabla hatujaacha habari ya mikataba: dada wa kazi naye ni mfanyakazi, na sheria ile ya 2004 haikumwacha nje. Tunawaona mnaodai likizo zenu kwa barua na kunakili kwa chama cha wafanyakazi, mkaondoka Desemba mkiwa mmejaa garini, na binti wa Singida akabaki kulinda runinga. Naye ana mama.

Safari si lazima iwe ndefu. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka mjini, na wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868. Mtoto wa Bunju anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo akiwa ameshika kwa mkono wake kuta ambazo waliokombolewa utumwani walipata hifadhi. Pugu, penye misitu na pale Mwalimu Nyerere alipofundisha, ni karibu na Temeke kuliko Kariakoo siku ya foleni. Kijiji cha Makumbusho kipo palepale Kinondoni, kando ya barabara ya Bagamoyo, kikiwa na nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na tunakutana na watu waliopita mbele yake kwa miaka ishirini wakienda kazini bila kuingia. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro kwa takriban saa mbili. Baba anayeondoka asubuhi na wanawe anaweza kula nao chakula cha mchana chini ya Milima ya Uluguru na kuwarudisha kabla ya giza. Hakuna uzio wa nyumba utakaochelewa kwa sababu hiyo.

Katika jambo hili wapo tunaowacheka kumbe tungewaiga. Kila Desemba utani ni uleule: Wachagga wanahama mji, na barabara za Dar es Salaam zinapumua. Treni ya abiria kwenda Moshi iliporejeshwa Desemba 2019, baada ya kusimama kwa takriban miaka 25, kila mtu alijua ni kina nani waliokuwa wakingojewa. Wapo miongoni mwao wanaokwenda kuonyesha magari tu, na ambao kuanzia tarehe 24 hadi 31 hawavuki kizingiti cha baa. Kwa hao ihama haina baraka. Lakini tumeona pia, huko Kibosho na Rombo, mabaraza ya ukoo yakiketi chini ya migomba, ugomvi wa mipaka ukimalizwa, watoto waliozaliwa Sinza wakionyeshwa kihamba cha baba wa babu yao. Mkurugenzi wa kampuni anakaa kwenye kigoda na kukosolewa na shangazi asiyejua kusoma. Huyo akirudi ofisini Januari ni mtu mwepesi zaidi.

Hata Nazareti walikuwa na kazi. Yosefu alikuwa fundi seremala, na fundi anayefunga karakana hapati kitu siku hiyo. Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatueleza kwamba pamoja na hayo familia ile ilipanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, wakiongozana na ndugu na jamaa. Mtoto alipotea humo njiani, kama mjuavyo. Tunalikumbuka jambo hilo kila tunapoambiwa kwamba kusafiri na watoto ni usumbufu. Ni usumbufu kweli. Wazazi wake walihangaika siku tatu, na mwaka uliofuata, kwa kuwa desturi ilikuwa desturi, hatuoni sababu ya kudhani kwamba walibaki nyumbani.

Muumini wetu wa Mbinga alitujia mwezi uliopita kuchukua barua ya utambulisho kwa parokia ya kule. Ameomba siku zake 28, zote, na amekataa fedha. Nyumba yake ya Chamazi haina dari. Mvulana ametaka waondoke Mbagala alfajiri ileile ya saa kumi, ili wafike Mikumi kwa wakati uleule, na ameuliza kama safari hii ataruhusiwa kupiga kelele.

Nasi tunapaswa kuwaambia jambo moja, kwa sababu mmoja wenu atatuuliza tu. Kanuni ya 533 ya Sheria za Kanisa inamruhusu paroko mwezi mmoja wa mapumziko kila mwaka. Hatujautumia kwa miaka mitatu. Tulikuwa na ukumbi wa parokia wa kujenga, na tulikuwa tukisema kwamba ukumbi ukiisha tu, tutakwenda. Mama yetu yuko Tukuyu, ana umri wa miaka 78, na kila Jumapili jioni tumekuwa tukimpigia simu na kumtumia "ya mboga". Kwa hiyo majuma manne yajayo tafakari hii haitatoka. Paroko msaidizi atashika zamu ya Misa na ya wagonjwa. Masuala ya ukumbi yapelekwe kwa mwenyekiti wa halmashauri walei, wala yasitufuate kwa simu. Mama ameagiza dagaa wa Kigoma, betri za redio, na kwamba tusije na wageni, anataka kuzungumza.